Hapana Swali, Afande

Mke wangu ni polisi, mimi ni fundi wa masanduku ya bati pale Katwe, Kampala. Watu wakituona barabarani hudhani ni kinyume, kwa sababu mimi Akram ndiye mwenye mabega na sauti, na yeye Lamunu ni mwembamba na huongea polepole. Lakini katika kambi ya polisi tulikoishi, upande wa Nakawa, mimi nilijulikana kama bwana wa afande. Nikipita na jerikeni la maji, wake za askari walinipigia saluti na kuangua kicheko. Hayo niliyazoea. Nilichoshindwa kukizoea ni gwaride la Jumatatu, maana uhamisho husomwa pale.

Uhamisho naujua kupitia bati. Askari anayepelekwa karibu haagizi kitu, anafunga nguo zake kwenye shuka na kuondoka. Anayepelekwa mbali huja Katwe kuniona, na kadiri anavyokwenda mbali ndivyo sanduku linavyokuwa kubwa. Jirani yetu Oyat aliagiza sanduku la kufika kiunoni, lenye kufuli mbili, akapelekwa Karamoja. Aliporudi, sanduku lile lilikuwa limejaa nguo za watoto ambao mkewe wa hapa kambini hakuwahi hata kuwasikia. Mwanamke yule alikaa kizingitini mwake tangu asubuhi mpaka jua likazama, hakulia wala hakusema na mtu. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sikuumwa, nilimwona tu mwenzangu akiumwa, na bado unyasi unanishtua.

Basi siku Lamunu aliporudi kutoka kwenye gwaride na kusema, "Wanaleta intavyuu ya Kiingereza," mimi nilikuwa nakoroga uji, na mwiko ukanitoka mkononi.

Aliyetueleza vizuri ni Ocira, koplo wa chumba cha tatu kutoka kwetu, mtu ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Alikaa kwenye kigoda chetu akapokea uji ambao hakuna aliyemkaribisha.

"Mimi nasema hivi, bwana wa afande," alisema. "Mwenye napita hii intavyuu, wanamwongeza cheo, wanampeleka ofisi. Ofisi, unaelewa? Meza, kiti, feni. Mwenye nafeli, anaingia kwa ile transfa kubwa yenye nakuja."

"Nani amesema?"

"Afande mkubwa alisema kwa gwaride. Ofisi. Sisi wote tulisikia."

Nilimgeukia Lamunu. "Alisema ofisi ya hapa Nakawa?"

"Alisema ofisi," Lamunu alijibu.

"Hakuna aliyeuliza ofisi ipi?"

Wakatazamana wale askari wawili, na nikaona wananihurumia. Kwenye gwaride, afande akimaliza kusema huuliza, "Kuna swali?" na wote hujibu kwa sauti moja, "Hapana swali, afande." Swali lile ni kama amina, kazi yake ni kufunga. Kuna kijana mmoja mgeni aliwahi kuinua mkono na kuuliza kama mvua ikinyesha gwaride litakuwepo. Hakufokewa. Ila msimu wote wa mvua alipangwa langoni, peke yake, mahali pasipo na paa. Tangu hapo kambi nzima ilielewa Kiswahili hicho.

Sisi tunajisifu kwamba kuuliza si ujinga. Pale kambini kuuliza si ujinga kweli, ni utovu wa adabu.

Na kwa kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja, kambi nzima ililala ikiamini kwamba anayefaulu anabaki Kampala na anayefeli anapelekwa kwenye vumbi. Mimi niliamini kuliko wote. Usiku ule sikupata usingizi. Nilimsikiliza Lamunu akipumua, na Lailah na Akwero wakisukumana kitandani mwao nyuma ya pazia, nikawa nahesabu nani atawasuka nywele, nani atakwenda mkutano wa wazazi, nani atakaa na Akwero kifua kinapombana. Kila hesabu iliishia kwangu, na mimi kusuka nywele sijui.

Lamunu aliacha shule kidato cha pili. Kijiji chao kaskazini kilihamishiwa kwenye kambi za watu waliokimbia vita, na shule ikabaki kuta. Kiingereza alichokuwa nacho ni cha polisi: simama hapo, leta kitambulisho, fungua buti. Kiswahili alikipata kwenye mafunzo, na Kiswahili cha mafunzo kwake kilikuwa amri na taarifa, basi. Kwa kuwa yeye ni Mwacholi na mimi ni Mnubi, Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na nyumba yetu ikaendeshwa kwa amri na taarifa. "Akwero, vaa viatu. Lailah, kunywa chai. Baba Lailah, leta mkaa." Akitaka kujua kama nitachelewa alisema, "Leo unachelewa," na mimi nilithibitisha au nilikana. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa, wala halikunisumbua. Ana upendo, ila upendo wake ulikuwa unatoka kwa namna ya kula hii, vaa hii.

Kesho yake nilifunga karakana mapema nikaenda kwa dada yangu Nuriat, ambaye ni mwalimu wa darasa la tano. Nilimweleza huku nikitembea chumbani mwake huku na huku mpaka akaniambia nikae, namharibia mkeka.

"Hao wasaili nawajua," alisema. "Wakitaka kupima Kiingereza cha mtu mzima bila kumwaibisha, wanamwuliza aina za sentensi, halafu wanamwambia atoe mifano. Kisha wanampa karatasi aandike ripoti. Nitakuja Jumapili."

Alikuja Jumapili mchana na chaki za shule mfukoni. Meza yetu ni sanduku langu la zamani lililofunikwa kitambaa. Akakiondoa kitambaa akaandika moja kwa moja juu ya bati. Lamunu alikaa mbele yake, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Tunaanza na kitu unachokijua," Nuriat alisema. "Lango. Ukisema 'The gate is open,' unamwarifu mtu kwamba lango liko wazi. Hiyo ni sentensi ya taarifa. Ukisema 'Open the gate'?"

"Amri," Lamunu alidakia, na uso ukamng'aa. Alikuwa ameisema hiyo maelfu ya mara.

"Vizuri sana. Sasa kuna ya mshangao. 'What a big gate!'"

Lamunu aliitazama chaki, akamtazama Nuriat. "Nani anasema hii?"

"Mtu yeyote aliyeshangaa."

"Mtu mzima ameona lango, anashangaa?"

"Ni mfano, wifi yangu."

"Lango yetu iko kubwa," Lamunu alisema, "na tangu mimi nakuja hapa hakuna mtu ameshangaa."

Watoto walicheka nyuma ya pazia, Nuriat akacheka mpaka chaki ikaanguka. Mimi sikucheka. Niliwaza kwamba wasaili nao wataleta lango, na mke wangu atawaambia mbele ya uso wao kwamba hakuna mtu mzima anayeshangaa lango, na jioni hiyohiyo tutaanza kupima bati la sanduku lake.

Kisha wakafika kwenye swali. Nuriat aliandika "Is the gate open?" akaeleza, Lamunu akarudia vizuri kabisa. Akasoma mengine matatu kwenye bati bila kukosea. Nikaanza kupumua.

"Sasa ondoa macho kwenye bati," Nuriat alisema. "Mimi ni afande mkubwa. Niulize swali lako mwenyewe. Lolote."

Lamunu akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Visigino vikagongana, mikono ikabana mapaja, macho yakatazama juu ya kichwa cha dada yangu. Tukangoja. Nje mtu alikuwa anatwanga karanga, na mtwango ule ukawa unaingia mwilini mwangu.

"Hapana swali, afande," mke wangu alisema.

"Si kwamba unalo au huna. Tunga tu. Niulize jina langu, niulize nimekula nini."

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Siwezi kuuliza afande amekula nini."

Nuriat alijaribu mara nyingine, na mimi nikajaribu baada yake. Nilivaa kofia yangu ya sala nikaikunja ionekane ya kijeshi, nikakaa kwenye kigoda, nikakohoa kikubwa. Ingekuwa afadhali nisingefanya. Nilipomwambia aniulize swali alinitazama juu ya kichwa mimi pia, mume wake, na hapo ndipo nilipojiuliza mara ya kwanza: huyu mtu ameniuliza nini tangu tuoane? Nilitafuta. Nilikumbuka amri nyingi na taarifa nyingi. Swali sikulipata.

Ile ilinitia hofu ya namna nyingine, lakini nilikuwa na hofu ya uhamisho tayari, na mtu hawezi kubeba jerikeni mbili kwa mkono mmoja. Nikaiweka chini.

Mwishowe Nuriat alikata shauri. Tutampa swali moja la adabu, lisilomgusa mkubwa popote, ili alikariri kama sala. "Madam, how was your journey?" Mheshimiwa, safari yako ilikuwaje. Hakuna afande anayeweza kukasirika akiulizwa habari ya safari. Lamunu alilikariri akipika, akifua, akipaka viatu rangi. Alilisema kwa sauti iliyonyooka, bila kupanda mwishoni, kama anayesoma namba ya gari.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kwangu. Karakana yetu ni mabati na nyundo pande zote, watu huzungumza kwa ishara, na mimi nilipenda hivyo, kwa sababu pale fikira hazisikiki. Sasa zilisikika. Nilikata kifuniko kidogo kuliko sanduku lake. Nilipaka rangi jina la mwanafunzi mmoja kwenye sanduku la mwingine, wazazi wakaja juu. Ocira naye akatokea mlangoni, kapiga kofia nyuma, akataka sanduku.

"Kubwa," alisema. "Ile ya kufika hapa." Akagusa kiuno.

"Mbona umekata tamaa mapema?"

"Mimi ile Kiingereza hapana weza, ndugu yangu. Afadhali nijitayarishe. Weka kufuli mbili."

Nilipima bati la Ocira. Kila nilipolikunja niliona ni la Lamunu.

Nyumbani mambo yalikuwa yanakwenda, lakini nilikuwa sina macho ya kuyaona. Nuriat alikuwa amemaliza aina zile za lango, akaingia kwenye namna ya kuziunganisha, kwa ajili ya ile karatasi ya ripoti. Ripoti za Lamunu zilikuwa zimekatikakatika. Nilifika. Niliona mlango. Mlango ulivunjwa. Dada yangu akamwonyesha kwamba sentensi moja inaweza kubeba nyingine mgongoni: mlango ulivunjwa kwa sababu, mlango ambao, ingawa mlango. Lamunu alikamata neno la kwa sababu kama mtu aliyepotelewa na ufunguo akaupata mfukoni. Jioni moja alituketisha, mimi na watoto, akatusomea ripoti aliyoiandika kwa Kiingereza juu ya kuku wa Ocira aliyeibwa. Ilikuwa na kwa sababu nane. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, na alipofika mwisho hakuinua kichwa.

"Mwalimu wetu wa kule nyumbani alisema mimi naandika vizuri," alisema. "Halafu vita ikakuja."

Lailah alipiga makofi. Akwero akataka kujua kama kuku alipatikana. Mimi nilisema ni nzuri, nikauliza kama amelikariri swali la safari.

Siku ya usaili aliondoka asubuhi, sare imepigwa pasi mpaka mistari inakata. Asubuhi ni kuulizwa, mchana ni kuandika. Nilimsindikiza hadi lango la kambi. Nilitaka kumwambia neno la kumtia moyo, nikajikuta namwambia asisimame kwa kuweka visigino pamoja, aachie magoti, asitazame juu ya kichwa cha mtu, ashangae lango akiambiwa ashangae.

"Kale, sawa," alisema. "Nenda kazi."

Sikufanya kazi yoyote. Nilijigonga kidole, nikakifunga kitambaa, nikajigonga tena palepale. Simu niliiweka mfuko wa shati ili niisikie ikitetemeka kifuani, na kila nyundo iliyopigwa karibu nilidhani ndiyo. Muadhini aliposoma adhana ya adhuhuri nilisali haraka, na nilipotoa salamu ya mwisho simu ikatetemeka kweli. Nikatoka mbio hadi kando ya mfereji mkubwa, ambako makelele ni nafuu kidogo.

"Baba Lailah."

"Nipo. Imekuwaje?"

"Asubuhi imeisha. Niko hapa nyuma ya tangi ya maji. Tunangoja kuandika."

"Umejibu?"

"Nimejibu yote. Taarifa, amri. Hata ile ya kushangaa. Sikusema lango. Nilisema mvua."

Nilijikuta nacheka na kuziba mdomo. "Na swali?"

"Yule madam mkubwa akasema, sasa uliza mimi. Nikasimama. Ile ya safari ikapotea, Baba Lailah. Imepotea yote. Nikaangalia, nikatafuta, hakuna. Kichwa iko tupu. Nikaona nyinyi tu. Wewe na watoto. Mdomo ukasema, Madam, mimi nikipita, mnanipeleka wapi?"

"Ukamwuliza hivyo? Afande mkubwa?"

"Nilimwuliza. Wengine kwa meza wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, wewe ni mtu wa kwanza leo mwenye hajaniuliza habari ya safari yangu."

"Kisha?"

"Kisha akajibu."

Ng'ambo ya mfereji kijana alikuwa anavuta mkokoteni wa nondo, zikiburuta chini. Nilingoja apite.

"Akasema iko vituo vipya kule juu, mpakani, kupita Karamoja," Lamunu alisema. "Iko ofisi, lakini hakuna mtu wa kuandika ripoti. Wenye kupita, wanapelekwa kule. Miaka miwili, labda mitatu. Hakuna nyumba ya familia. Wenye kufeli wanabaki hapa, kwa lango."

Kambi nzima, watu wenye masikio na vyeo, walikuwa wamesikia neno moja la ofisi, na kila mtu akaweka ndani yake feni aliyoipenda. Nami nilikuwa nimemsukuma mke wangu kwa mikono miwili kuelekea hasa kule nilikokuwa nataka asifike. Kila Jumapili. Kwa chaki.

"Baba Lailah, uko?"

"Nipo."

"Wengine hawajui bado. Mimi peke yangu najua." Sauti ilishuka. "Hii karatasi, naweza kuandika vibaya. Naweza kuandika kama zamani. Nilifika, niliona. Hakuna mtu anaweza kujua."

Niliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Angeandika vibaya, angerudi jioni, angevua buti zake, angeamuru mkaa. Watoto wangesukwa. Hakuna sanduku. Wala nisingekuwa nimemkataza lolote, ingekuwa ni mtihani tu umemshinda, na hushinda wengi.

Kisha akasema, "Wewe unataka nini?"

Sauti ilipanda mwishoni, kama Nuriat alivyokuwa anamwomba afanye akashindwa. Alikuwa ananiuliza. Hakuwa anakariri, wala hakuwa anatazama juu ya kichwa changu. Alikuwa nyuma ya tangi la maji akiwa na simu sikioni, hajui jibu langu na analitaka.

Nilijua ninachotaka. Nilikuwa nimekijua tangu mwiko uliponitoka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: rudi. Nami nikakumbuka kidole chake kikifuata mstari wa kuku wa Ocira, na jinsi alivyokataa kuinua kichwa alipomaliza, kwa sababu alikuwa anaona fahari na hakutaka tuione. Vita ilimnyang'anya kitu kile mara moja. Sasa kilikuwa mkononi mwake tena, na aliyesimama mbele yake safari hii hakuwa askari wala mwasi, alikuwa mimi, na kidole changu kilichofungwa kitambaa.

Nililia pale kando ya mfereji, sioni aibu kusema. Watu wa Katwe walipita. Kule macho hutoka machozi kwa moshi wa kulehemu kila siku, hakuna anayeuliza.

"Andika," nilimwambia.

"Umesema nini?"

"Andika vizuri. Andika kama ulivyotusomea."

Nilisikia visigino vya buti vikigongana kule nyuma ya tangi.

"Ndiyo, afande," alisema, na simu ikakatwa.

Tangu tuoane mimi sikuwahi kumwamuru Lamunu kitu. Ile ilikuwa mara ya kwanza, na alitii. Alifaulu, wa pili kati ya wote. Majina yaliposomwa kwenye gwaride na vituo vikatajwa, kambi ilipata habari kwamba ofisi haikuwa ya Nakawa, na Ocira, aliyefeli vibaya sana, akaja kunieleza kwamba yeye alishuku tangu mwanzo. Alibaki langoni. Sanduku lake kubwa hakulichukua, likakaa kwenye kona ya karakana na kufuli zake mbili.

Fundi mwenzangu aliniambia nimpe Lamunu lile, liko tayari, tena anakwenda mbali. Nilikataa. Nilimtengenezea jipya, la ukubwa wa kati, la mwanafunzi wa bweni, nikapaka rangi ya samawati na jina lake na cheo chake kipya juu ya kifuniko. Nilisema nguo zake ni chache. Ukweli ni kwamba niliogopa nafasi. Niliona kwamba sanduku likijaa upesi, mtu hurudi upesi. Lamunu alilitazama, akapitisha kiganja juu ya bati, akanitazama.

"Iko ndogo," alisema.

"Ni ndogo," nilisema.

Alipanga nguo zake ndani, kitabu cha Nuriat akakiweka juu kabisa, likafungika kwa shida. Asubuhi alipoondoka, Akwero alimkumbatia kiunoni mpaka nikambandua kidole kimoja kimoja. Chumba cha kambini kikapewa mwingine, sisi watatu tukahamia kwa Nuriat.

Sasa Lamunu hupiga simu jioni, baada ya magharibi, akipanda kilima nyuma ya kituo ambako mtandao hushika. Mwanamke aliyekuwa haulizi sasa hamalizi. Mmekula nini? Akwero amekohoa? Nani amemsuka Lailah, wewe? Mbona kwa picha mstari umepinda? Hunieleza pia ripoti alizoandika, za ng'ombe na mipaka, na hunisomea ile anayoona imetoka vizuri zaidi, imejaa kwa sababu na ingawa. Husikika kama mtu aliyeinua kichwa. Mimi humjibu moja moja. Tumekula. Hajakohoa. Ni mimi, na nitajifunza.

Jana aliniambia bwana mkubwa wa kule amemsifu, anataka abaki hata muda wake ukiisha, awafundishe wengine kuandika. Alilisema haraka, katikati ya habari ya mvua, kisha akaendelea na mvua. Nilikuwa nimesimama nje ya jiko la Nuriat, na watoto wanagombania ugali ndani. Nililisikia. Nilimwacha amalize mvua yake.

Akimaliza kuzungumza, kila jioni, hufunga kwa utani wa gwaride. Jana pia alifunga hivyo.

"Kuna swali?" alisema.

Ninalo. Ninalo moja tu, la maneno mawili, juu ya kurudi kwake, na silali kwa ajili yake. Ni mimi niliyekuwa nakaa kwenye kigoda na kofia iliyokunjwa, nikimwambia mtu mzima kwamba swali halimuui mtu. Nilifungua mdomo. Kule kwake nilisikia upepo ukipiga simu, na yeye akingoja.

"Hapana swali, afande," nilisema.